Nikifika kwenye "wizard" niseme nini?

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaona hapana, hili ni swali zito. Kwa wengine wanaosoma hapa: dada ana watoto wawili, wa miaka 7 na 10, na kila usiku anawasomea kile kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kitabu chenyewe cha Kiingereza yeye anakigeuza Kiswahili papo hapo huku anasoma. Juzi kafika pale lile pandikizi la mtu, Hagrid, linapovunja mlango wa kibanda usiku wa manane na kumwambia mtoto yeye ni nani, dada akasema kama lilivyo, "Harry, wewe ni mchawi", na mama mkwe aliyekuja kutembea akaweka kikombe chini akauliza "unawafundisha nini wajukuu zangu?" Taa ikazimwa, watoto wakalala na kinyongo. Sasa dada anauliza atumie neno gani badala ya mchawi, mganga? mwanamazingaombwe? au kitabu akirudishe tu kabatini?

Usikirudishe. Na neno ni hilohilo, mchawi, mi nahariri na kutafsiri vitabu vya watoto miaka mingi sasa na nimezunguka weee kutafuta lingine nikarudi palepale.

Tuanze na mganga maana ndo watu wengi wanakimbilia. Mganga kwetu anatibu, tena ni cheo cha serikali, kuna Mganga Mkuu wa Mkoa, ana ofisi na mhuri, sasa ukimwita Dumbledore, mkuu wa shule ya Harry, mganga mkuu mtoto wa miaka 10 atadhani wanaenda kupigwa chanjo. Na yule wa jadi naye kazi yake ni kuagua na kutoa dawa, mtu anamfuata akiwa na shida. Harry hana mteja hata mmoja, yeye anaenda shule. Mwanamazingaombwe ndo mbaya zaidi, kwa sababu watoto wetu wamemwona, anakuja shule ya msingi Ijumaa mchana, mnachangishwa hela kidogo, anageuza karatasi kuwa noti halafu mwenyewe anaondoka kwa bodaboda. Kiini macho. Kila mtu anajua ni ujanja wa mikono, wakati hadithi nzima ya huyu mtoto inasimama juu ya kwamba mambo yale ni ya kweli. Kuna sihiri pia, neno zuri la vitabu vya zamani, lakini mtoto wa miaka 7 halijui, na kama anaenda madrasa basi atakuwa kalisikia kwenye orodha ya madhambi makubwa kwa jina hasa, kwahiyo ulipokimbilia ndo pamewaka zaidi.

Halafu kuna mlozi. Hili usilitupe, liweke akiba, nitakuja kulitumia.

Sasa kwanini "wizard" haimshtui bibi wa London na mchawi inamshtua mama mkwe wako? Sio kwamba wao hawakuwahi kuogopa. Waliogopa sana, walinyonga watu. Ila mwaka 1735 bunge lao likapitisha sheria iliyogeuza mambo, kuanzia hapo kosa likawa sio kuroga, kosa likawa kudai kwamba unaweza kuroga, yaani serikali ilisema haya mambo hayapo na anayesema yapo ni tapeli. Toka hapo neno likaanza kupoa, likapoa, likaishia kwenye kofia ndefu yenye nyota na mzee mwenye ndevu. Huyu mwandishi, J. K. Rowling, alipotoa kitabu chake Juni 1997 alikuwa anaokota neno ambalo limeshakuwa baridi kabisa, kama chai ya jana. (Na kichekesho ni kwamba haohao Waingereza walipokuja huku walitutungia sheria za uchawi, Kenya 1925, Tanganyika 1928.)

Letu bado la moto. Huwezi kumwambia jirani "we ni mchawi" halafu mkaendelea kuazimana ungo. Kwahiyo Hagrid akisema ile sentensi kwa Kiingereza anatoa habari njema, akiisema kwa Kiswahili anatoa shutuma. Ndo hapo mama mkwe alipoweka kikombe chini, na mi namwelewa kabisa.

Lakini angalia hadithi yenyewe inasema nini, na hapa ndo napata raha na hii kazi. Huyu mtoto analelewa na ndugu wa mama yake ambao kwa miaka kumi wamekuwa wakilificha hilo neno. Halitamkwi ndani ya nyumba. Barua zikija wanazichana, wanazichoma, wanapigilia misumari tundu la barua, mwisho wanahama nyumba na kukimbilia kwenye kibanda juu ya mwamba katikati ya maji, na yule baba ana bunduki. Mtoto wa Kiingereza anasoma hapo anawacheka, anaona watu wazima wanakimbia neno lisilo na madhara. Mtoto wako hacheki, anaelewa. Anajua kuna neno ukilisema sebuleni watu wananyamaza. Kwahiyo ukiliweka "mchawi" palepale unakuwa umewapa watoto wako ule woga wa Petunia, yule ndugu wa mama yake Harry, kwa uzito ambao hata mwenye kitabu hakuupata kwenye lugha yake, na Harry anaposema pengine mmekosea mtu, inakuwa na mantiki mara mbili, nani kwetu angeambiwa vile akafurahi? Mama mkwe wako kacheza nafasi ya Petunia bila kulipwa, usimwambie nimesema.

Na hapo kwenye Petunia nina jambo, maana uliandika kwamba unamwita "anti". Acha. Kiingereza kina "aunt" moja tu inabeba kila mtu, sisi tunalazimika kuchagua, ni shangazi au ni mama mkubwa au mama mdogo. Petunia ni ndugu wa mama yake Harry, sio wa baba, kwahiyo shangazi hapana. Mkubwa au mdogo? Kitabu cha kwanza hakikusaidii, inabidi usubiri mpaka cha saba, kilichotoka 2007, kuna sehemu wanaonekana wakiwa wadogo wanabembea na inasemwa wazi kwamba Petunia ndiye mkubwa. Basi ni mama mkubwa, na mumewe Vernon ni baba mkubwa. Na Dudley, yule mtoto wao bonge anayempiga mwenzie, sio binamu. Binamu kwa hesabu ya kwetu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mtoto wa mama mkubwa ni ndugu yako, ni kaka, mnanyonya titi moja kwa maneno ya wazee.

Sasa isome upya sentensi ile: mama mkubwa anamlaza mtoto wa marehemu mdogo wake kwenye stoo chini ya ngazi, na buibui, wakati kaka yake ana vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha midoli iliyovunjika. Kwa Kiingereza ni ukatili wa anti fulani. Kwa Kiswahili ni mama anafanya hivyo. Nilipoisoma hivyo mara ya kwanza mbele ya darasa la nne kuna mtoto wa kike alisema kwa sauti "laana hiyo", na hakuna maelezo ya ziada yaliyohitajika.

Tukirudi kwenye lile la akiba. Kitabu kina watu wazuri wenye huo uwezo na wabaya wenye huo uwezo, Kiingereza kinasema tu "dark" mbele ya neno. We usiseme uchawi mweusi, hiyo rangi itakuletea maswali mengine. Tumia mlozi na ulozi kwa wale wabaya wote, Voldemort na jamaa zake, mchawi libaki kwa aliyezaliwa na uwezo tu, mwema au mkorofi. Kamusi itakwambia ni kitu kimoja, najua, ila mlozi hajawahi kusifiwa na mtu yeyote, wakati mchawi limeshaanza kulegea kidogo, si unawasikia watangazaji wa mpira, "mchawi wa soka" na kila mtu anajua kasifiwa. Hapo hapo ndo pa kuwapenyezea watoto. Na lile somo la kujihami dhidi ya hayo mabaya, Kiswahili kinalo neno tayari na liko vizuri kuliko Kiingereza: Kinga. "Leo tuna kipindi cha Kinga." Kwisha. Na dawa za Snape, mwalimu wao wa kuchanganya dawa, ni dawa, sisi hatujawahi kutenganisha ya kunywa hospitali na ya kumfanya mtu akupende.

Kuna jambo la jinsia pia, dogo: wao wana "wizard" wa kiume na "witch" wa kike, sisi wote mchawi, na yeye ni yeye. Usihangaike kusema mchawi wa kike kila saa, Hermione, rafiki wa kike wa Harry, ni mchawi, basi.

Ila hapa nitakuwa mkali kidogo, dada. Wewe na watoto mkubaliane usiku wa kwanza kabisa kwamba hilo neno lina makazi mawili, ndani ya kitabu na nje, na nje halitumiki kwa mtu. Hasa huyo wa miaka 7. Kwa sababu kwetu hili sio neno la mchezo, kule Shinyanga na Mwanza vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuwa na macho mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa kupikia moshi maisha yao yote. Mtoto akienda shule akamwambia mwenzie "bibi yako mchawi" kama alivyosikia kwenye hadithi tamu, nyumbani kwa yule mwenzie haisikiki kama hadithi. Mama mkwe anapouliza unafundisha nini, sehemu ya swali lake ni hii, ina haki ya kujibiwa vizuri. Upande wa dini mtaamua wenyewe kama familia, mi ninachoweza kukwambia ni kwamba kwenye kitabu hakuna anayeomba mizimu wala jini, wanazaliwa nacho kama mtu anavyozaliwa na sauti, halafu wanasomeshwa mpaka wanachoka, kuna homuweki kuliko mauzauza.

Shule sasa! Hapa utateleza kama uko kwenye sabuni, kwa sababu Hogwarts ni bodingi na bodingi tumezirithi kwa haohao. Kiranja, kaka mkuu, bweni, matroni, tranka, taa zinazimwa saa fulani, ukitoka nje usiku unakamatwa. Ile barua ya Harry ni fomu ya kujiunga, ina listi kama ya kwetu, joho jeusi seti tatu, kofia, chungu kimoja, mizani, darubini. Na mwishoni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kuwa na ufagio wake. Soma hapo taratibu. Mtoto yeyote aliyewahi kuona listi ya kidato cha kwanza, jembe, ndoo, fagio la chelewa na fagio la ndani, atakufa kwa kucheka, kwamba kuna shule duniani inakataza kuja na ufagio.

Kwenye ufagio huohuo utashawishika kuweka ungo. Najua, wa kwetu wanasafiri kwa ungo, kila mtu ana hadithi ya ungo ulioangukia kwenye paa la msikiti au uwanja wa mpira alfajiri. Usibadilishe. Kwanza ule mchezo wao wa angani mtu lazima apande mapaja huku na huku, ungo unakaa kama uko kwenye sinia, hamna kona utakata. Pili hao ni Waingereza, wana usafiri wao. Waambie tu watoto, "kwao ufagio, kwetu ungo", wanakubali haraka kuliko unavyofikiri.

Fimbo ndo ilinipa shida. Ile wanayoshika mkononi, ukisema fimbo, na uko kwenye hadithi ya shule, na umesema "Profesa akainua fimbo yake", mtoto wa Kitanzania keshajua kinachofuata na hakina uhusiano na uchawi. Nilijaribu kijiti, kikawa cha meno. Usinga nao ni wa mganga na una manyoya. Kifimbo ndo jibu. Kina heshima, kimezoeleka mkononi mwa Mwalimu Nyerere, ambacho mtaani hawakuacha kunong'ona kwamba hakikuwa cha bure, na kila kilipopita kile cha mbio za Jumuiya ya Madola redio zilisema kifimbo cha Malkia. "Profesa McGonagall akainua kifimbo." Hapo hakuna anayefinya makalio.

Bundi usimguse. Nimeona mtu kamgeuza njiwa, eti kwa kuwa kwenye nyimbo zetu njiwa ndo anapeleka salamu na bundi analeta msiba. Ndo raha yenyewe! Kwao bundi ni ndege wa busara, kwetu akilia juu ya bati watu wanahesabu wazee waliobaki, kwahiyo watoto wako wakisikia bundi kaja na bahasha watashika shuka, halafu inafunguliwa, ni nafasi ya shule. Huo mshtuko na ahueni Mwingereza haupati hata akilipia.

Majina ya watu yaache. Watu wamejaribu, kitabu kimetafsiriwa lugha zaidi ya 80 mpaka Kilatini, na Waitaliano walimgeuza Dumbledore kuwa Silente, kwa maana ya mnyamavu, wakati mwandishi alitoa jina kwenye neno la zamani la aina ya nyuki anayevuma, yaani kinyume kabisa. Lakini yale maneno ya kuchezea usiyaache Kiingereza, watoto wanakosa utamu. Ile kofia inayopanga watoto kwenye mabweni, Mfaransa aliunganisha "kuchagua" na "kofia" ikawa neno moja, mi huwa nasema Kofiamuzi. "Muggle", yaani sisi tusio na kitu, limetoka kwenye neno la mtu wa kudanganyika kirahisi, nikajaribu mzuzu kutoka zuzu, mpwa wangu akauliza "kama ndizi mzuzu?" nikaishia bwege, mabwege. Ile kanuni ya kuinua unyoya, "Wingardium Leviosa", ambayo kwenye filamu Hermione anamsahihisha rafiki yao Ron mkazo wa "Leviosa", watoto wetu wataitamka sawa bila kufundishwa kwa sababu mkazo wa Kiswahili unakaa palepale, silabi ya pili toka mwisho, kwahiyo itabidi umlazimishe Ron akosee.

Na kile kioo kinachokuonyesha unachokitamani, kinaitwa "Erised", ni "desire" imeandikwa kinyumenyume. Geuza "tamani". Inamat. Kioo cha Inamat! Kiswahili kinafaa sana kwa huu mchezo, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu kwahiyo ukiyageuza yanaanza na irabu na kukatika ghafla, yanasikika kama ya nchi nyingine, hamu inakuwa umah, shauku inakuwa ukuahs. Waandikie kwenye karatasi wakaisome kwenye kioo cha bafuni.

Hii inayofuata watoto wasiione. Kama mtaingia kitabu cha pili, kuna kijana anaitwa Tom Marvolo Riddle, herufi za jina lake ukizipanga upya unapata kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye Voldemort. Kila mtafsiri ametoka jasho hapo, Mfaransa alimwita Tom Elvis Jedusor. Nimekaa na karanga jioni mbili nikapata Tom Milovin Mdire, ikasikika kama diwani, nikapindua mwisho ikawa Tom Milovin Dremi, zihesabu herufi zake, zinatoka "Mimi ni Voldemort" kamili kumi na tano. Ni yako, ila uanze kulitumia siku ile daftari lake linapookotwa, sio ukifika mwisho ndo ukumbuke.

Vitatu vya mwanzo huyo wa miaka 7 ataviweza. Cha nne simama, kuna mtoto wa shule anauawa makaburini na sio kwa utani, msubirishe.

Limebaki moja, Voldemort hatajwi, na mtoto atauliza kwanini jina tu linaogopwa. Usijibu wewe. Mwite mama mkwe kwenye kochi, muulize mbele ya wajukuu zake, yeye usiku nyoka anamwitaje? Atasema kamba. Halafu mwache awaeleze sababu, we endelea kutafuta ukurasa.